Kukata mguu au kuuokoa: ulinganisho kwa familia iliyoambiwa "ni sarkoma"

Swali la kwanza, kabla hata ya bei, huwa hili: "Sista, wakiukata mguu wote si ugonjwa utaisha kabisa?" Anayeuliza ni mama, au kaka mkubwa aliyelipa nauli ya watu watatu kutoka Bondo. Jibu ni kwamba kukata mguu kunapunguza uwezekano wa uvimbe kurudi pale pale, lakini hakuongezi miaka ya kuishi. Hayo ni mambo mawili. Yakichanganywa, ndipo familia hukubali kupoteza mguu bila faida, au hukataa upasuaji ambao ungemfaa mgonjwa.

Mimi ni muuguzi wa upasuaji huku magharibi mwa Kenya, si daktari. Ninalinganisha hapa njia ambazo familia hupewa mtu akishaambiwa ana sarkoma ya tishu laini, ili mkiingia chumba cha daktari mjue mnachagua kati ya nini na nini.

Sarkoma ni saratani ya nyama yenyewe: misuli, mafuta, kano, ala za neva, kuta za mishipa ya damu. Ni adimu. Katika saratani 100 za watu wazima, sarkoma ya tishu laini ni moja hivi, na hiyo moja imegawanyika katika aina zaidi ya 50. Ndiyo maana daktari mzuri kabisa wa hospitali ya kaunti ndogo anaweza kumaliza mwaka bila kukutana nayo, ilhali lipoma, ule uvimbe wa mafuta usio na madhara, anautoa kila wiki.

Kurudi pale pale na kuhamia mbali

Sarkoma inarudi kwa njia mbili. Inaweza kuota tena kwenye kovu au karibu nalo. Au inaweza kujitokeza mbali, na kwa uvimbe wa mguuni au mkononi, mbali maana yake karibu kila mara ni mapafu. Tezi za limfu (za kinenani na kwapani) hazivamiwi sana, isipokuwa katika aina chache.

Kinachoua wagonjwa wengi wa sarkoma ya miguu ni hii ya mapafuni. Chembe zinazoota mapafuni mara nyingi zilishaondoka na damu kabla daktari hajashika kisu. Ukikata kwenye paja au ukikata kwenye nyonga, zilizosafiri zimesafiri. Hapo ndipo penye sababu ya mguu wote kukatwa na maisha yasirefuke.

Zinazoamua kama chembe zilisafiri ni tabia za uvimbe wenyewe, na zinaandikwa kwenye ripoti ya maabara na ya picha: ukubwa wake, kama uko juu ya utando wa misuli au chini yake, na daraja. Daraja huwa 1 hadi 3. Mwanapatholojia, daktari wa maabara anayesoma nyama kwa darubini, anaangalia chembe zimepotoka kiasi gani na sura ya kawaida, zinagawanyika kwa kasi gani, na sehemu gani ya uvimbe imekufa. Mtu mwenye uvimbe wa daraja la 1 wa sentimita 4 chini ya ngozi na mtu mwenye wa daraja la 3 wa sentimita 14 ndani ya paja wana ugonjwa wenye jina moja, lakini safari zao hazifanani hata kidogo. Ukisikia jirani "alipona sarkoma", muulize kwanza daraja.

Takwimu za Marekani ziko hivi: sarkoma ikikutwa ingali mahali pake, takriban watu 80 kati ya 100 huwa hai baada ya miaka 5. Ikishavamia tezi au viungo vya jirani, takriban 60. Ikishafika mapafuni au kwingine mbali, 15 hadi 17. Ni hesabu za nchi ambako MRI, picha ya kina ya sumaku, haisubiriwi kwa harambee, kwa hiyo zisome kama picha ya tofauti kati ya hatua na hatua. Usizichukue kuwa ahadi.

Kuokoa mguu, au kuukata

Hadi miaka ya 1970, mtu mwenye sarkoma ya paja alikatwa mguu, na hakuna aliyeshangaa. Kisha Steven Rosenberg na wenzake wa Taasisi ya Kitaifa ya Saratani ya Marekani, kule Bethesda, wakafanya jambo ambalo leo lingekuwa gumu hata kuliomba: waliwagawa wagonjwa 43 kwa bahati nasibu, 27 wakatolewa uvimbe na kupewa mionzi, 16 wakakatwa kiungo. Wote walipata kemo, dawa za kuua saratani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1982.

| | Kutoa uvimbe na kupewa mionzi | Kukata kiungo |
|---|---|---|
| Uvimbe kurudi pale pale | 4 kati ya 27 | hakuna kati ya 16 |
| Kuwa hai baada ya miaka 5 | asilimia 83 | asilimia 88 |
| Kuwa hai bila ugonjwa, miaka 5 | asilimia 71 | asilimia 78 |
| Urefu wa matibabu | upasuaji, na wiki 5 hadi 7 za mionzi | upasuaji mmoja, kidonda kupona, kisha mguu wa bandia |
| Mzigo wa baadaye | kiungo kuwa kigumu au kuvimba, mazoezi ya muda mrefu | mguu wa bandia kurekebishwa na kubadilishwa maisha yote |

Asilimia 83 na 88 zinaonekana tofauti, lakini kwa watu wachache hivyo haizidi bahati ya kawaida. Tangu hapo hospitali kubwa zimeondoka kwenye ukataji, na kwenye vituo vyenye timu ya sarkoma zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 hubaki na kiungo chao.

Kuna hoja nyingine inayonielemea upande wa kuokoa. Mguu uliookolewa, uvimbe ukirudi, bado unaweza kukatwa baadaye. Uliokatwa haurudi. Kwa hiyo anayeanza na kuokoa hajafunga mlango wa pili.

Hata hivyo kuna mguu usiofaa kuokolewa, na mtu akikwambia usikate kamwe, usimsikilize. Uvimbe uliopasuka na kunuka, uliooza na kuvuja damu kila siku, hauwezi kungoja mionzi ya wiki tano. Uvimbe uliozunguka mshipa mkubwa wa damu na neva kwa pamoja, au ulioingia kwenye kiungo cha goti na kujaza misuli mbele na nyuma, ukitolewa salama utaacha mguu usiokanyagika wala kuhisi. Mguu wa namna hiyo ni mzigo kwa mwenye nao.

Halafu kuna tofauti kubwa kati ya kukatwa juu ya goti na chini ya goti, na watu huzichanganya wakaogopa zote sawa. Mwenye sarkoma ya unyayo au kifundo aliyekatwa chini ya goti, akipata mguu wa bandia unaomkaa vizuri, anarudi shambani na kupanda bodaboda bila shida. Unyayo uliopigwa mionzi mikali, ngozi ikawa nyembamba na vidonda visivyopona, unaweza kumfunga nyumbani. Kwa unyayo ningeuliza kuhusu kukata mapema. Kwa paja ningepigania kuokoa hadi daktari anionyeshe kwenye MRI kwa nini haiwezekani.

Na kama mionzi haipatikani kabisa? Hapo hesabu inabadilika. Jaribio jingine la taasisi hiyo hiyo, lililochapishwa mwaka 1998, lilichukua watu 91 wenye uvimbe wa daraja la juu waliookolewa kiungo. Waliopewa mionzi, hakuna hata mmoja uvimbe wake uliorudi pale pale. Wasiopewa, ulirudi kwa mmoja kati ya watano hivi. Lakini kuishi hakukutofautiana. Maana yake ni kwamba mtu asiyeweza kufikia mionzi, akitolewa uvimbe kwa kingo pana na safi, hajahukumiwa kifo. Amebeba hatari kubwa zaidi ya kufanyiwa upasuaji wa pili. Wengine wataona hiyo ni afadhali kuliko kupoteza mguu leo, nami siwalaumu.

Mionzi kabla ya kisu, au baada

Hapa maisha hayamo kwenye mizani sana. Kinachopimwa ni kidonda, ugumu wa kiungo na mfuko.

Mwaka 2002 Brian O'Sullivan na wenzake wa Kanada walitangaza matokeo ya wagonjwa 190. Nusu walipewa mionzi kabla, jumla ya gray 50 (gray ni kipimo cha mionzi), nusu wakapewa baada, gray 66. Kidonda kuleta matatizo (kufunguka, kuoza, kuhitaji kurudishwa thieta) kulitokea kwa asilimia 35 ya waliopewa kabla na asilimia 17 ya waliopewa baada. Mwenye uvimbe wa paja ndiye anayeumia zaidi. Mkononi tabu hiyo ni ndogo. Ukisoma hapo tu utachagua baada, bila kufikiri mara mbili.

Lakini walipofuatiliwa miaka miwili, nyama kukakamaa kulikutwa kwa asilimia 48.2 ya waliopewa baada na asilimia 31.5 ya waliopewa kabla. Kidonda kibaya hupona, ingawa baada ya kusafishwa na kufungwa kwa miezi. Mguu uliokakamaa haulegei tena. Mionzi ya baada ni mingi zaidi na inafunika eneo pana zaidi, kwa sababu lazima ipite kila mahali kisu kilipopita, pamoja na tundu la mrija wa kutolea damu ya kidonda.

Sasa tuingize barabara. Gray 50 kwa kawaida ni vipindi 25, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 5. Gray 66 ni vipindi 33, karibu wiki 7. Siku hizi mionzi inapatikana Eldoret na Nakuru, si Nairobi peke yake kama zamani. Lakini mtu wa Ahero au Maseno hawezi kupanda na kushuka Eldoret kila asubuhi kwa matatu na mguu uliovimba. Atakodi chumba, au atalala kwa shemeji Langas. Chumba na chakula haviko kwenye hesabu ya SHA, bima ya afya ya serikali. Wiki mbili zaidi ni wiki mbili zaidi za mtu kutofungua duka lake Kibuye.

Kwa kijana mwenye uvimbe mkubwa wa paja, mwenye lishe nzuri, ambaye daktari wake wa upasuaji yuko mji ule ule wa mionzi, ningeuliza kabla. Baada ya mionzi wanasubiri wiki 4 hadi 6 ndipo wakate. Kwa mzee mwenye kisukari na kidonda kinachochelewa kupona, ningeuliza baada. Kwa uvimbe uliotolewa tayari mahali pengine, swali halipo tena: ni baada tu, au kisu kingine kwanza.

Kisu cha kwanza: hapa karibu leo, au biopsi (kuchukua kipande kidogo cha kupima) kwanza

Kama ningeruhusiwa kuandika sehemu moja tu ya makala haya, ingekuwa hii. Familia inahangaika kuchagua kati ya kukata na kuokoa, na huku uamuzi mkubwa zaidi ulishafanyika miezi sita nyuma, kwenye chumba kidogo cha upasuaji, kwa sindano ya ganzi na dakika 40.

Nilikuwa kliniki siku mama mmoja wa makamo alipofungua mfuko wa plastiki na kutoa chupa ya soda ya nusu lita. Ndani mlikuwa na uvimbe wa mwanawe, uliotolewa mahali ambapo sitapataja. Shingo ya chupa ni nyembamba, kwa hiyo walikuwa wameukata vipande ili upite. Maji yaliyokuwemo yalikuwa ya chumvi, si formalini, dawa inayohifadhi nyama isioze, na ilikuwa siku ya tatu. "Daktari," akasema, "wameniambia mtasoma hapa." Mwanapatholojia angeweza kusema ni kitu gani, labda. Asingeweza kusema kama kingo zilikuwa safi, kwa sababu kingo hazikuwepo tena. Vilikuwa vipande vyenye pande sita kila kimoja, na hakuna aliyejua upande upi ulikuwa wa ndani.

Uvimbe mzima hupelekwa kwenye chombo chenye mdomo mpana, ndani ya formalini ambayo ujazo wake ni kama mara 10 ya uvimbe, na nyuzi za kushona zikionyesha upande wa juu na wa nje. Maabara wanaupaka wino pande zote kabla ya kuukata. Kisha wanaangalia kwa darubini kama chembe za saratani zimegusa wino. Zisipogusa, ripoti itasema R0. Zikigusa kwa darubini tu, R1. Zikiwa zimebaki hata kwa macho, R2. Herufi hiyo na namba yake inabashiri kurudi pale pale kuliko karibu kitu kingine chochote kilicho mikononi mwa daktari.

Ulinganisho wenyewe sasa. Kutolewa haraka karibu na nyumbani ni rahisi, ni siku moja, na kama kweli ulikuwa lipoma, umemaliza. Kama ulikuwa sarkoma, umechunwa kwenye ganda lake kama chungwa, na ganda lile si ganda, ni chembe za saratani zilizobanwa. Wagonjwa wa namna hii wanapofanyiwa upasuaji wa pili, saratani iliyobaki hukutwa kwa wengi: kuanzia theluthi moja hadi zaidi ya nusu, kutegemea hospitali iliyohesabu. Na upasuaji wa pili ni mpana zaidi, kwa sababu damu iliyovuja imebeba chembe hadi kwenye misuli ambayo haikuwa na shida.

Njia ya biopsi kwanza inachukua wiki kadhaa, na wiki hizo zinauma. MRI ya kiungo kabla ya kuguswa, kisha sindano nene ya biopsi, kisha CT ya kifua, picha ya kompyuta ya mapafu, kisha madaktari kukaa pamoja. Watu huniambia, "Sista, ukichokoza saratani inasambaa." Sindano ikipitishwa mahali patakapokatwa baadaye, njia yake inatolewa pamoja na uvimbe. Kinachosambaza ni kuchokoza vibaya: mkato wa kukingama badala ya kufuata urefu wa mguu, au mrija uliotolea mbali na kidonda. Mkato wa kukingama kwenye paja unaweza kumlazimu daktari wa pili atoe ngozi ya nusu paja. Hilo unaweza kuliuliza bila kusomea udaktari: "Daktari, mtachanja kwa urefu?"

Nani aende biopsi kwanza? Uvimbe unaozidi sentimita 5, yaani kama yai la kuku. Uvimbe unaokua. Ulio ndani, usiosogea ukiubonyeza wakati msuli umekazwa. Uliowahi kutolewa ukarudi. Kutouma si ushahidi wa usalama. Sarkoma nyingi haziumi, ndiyo maana watu hukaa nazo mwaka mzima.

Mkishajua uvimbe ni wa namna hiyo, msiombe tu "rufaa". Ombeni rufaa ya mahali penye upasuaji, patholojia na saratani chini ya paa moja. Kwa upande huu watu huelekea hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu, ile wazee wanaoiita Russia, au Moi ya Eldoret. Wa Nakuru wanaanzia hospitali yao ya rufaa ya kaunti. Ulizeni pia daktari ameshatoa sarkoma ngapi mwaka huu. Ni swali la heshima likiulizwa kwa heshima.

Tumboni si mguuni

Sarkoma inayoota nyuma ya tumbo, karibu na figo, inafuata sheria nyingine, na ushauri wa mguuni ukipelekwa huko unapotosha. Huko uvimbe hufikia sentimita 20 au 30 kabla suruali haijakataa kufunga. Hakuna nafasi ya kuacha nyama safi pande zote, kwa hiyo daktari hutoa na figo, na kipande cha utumbo.

Mwaka 2016 vituo 8 vya Ulaya na Amerika Kaskazini vilikusanya hesabu za wagonjwa 1,007 waliotolewa uvimbe wa aina hii kwa mara ya kwanza. Baada ya miaka 5, asilimia 67 walikuwa hai. Baada ya 10, asilimia 46. Angalia kilichokuwa kinaendelea: kuhamia mbali kulifika asilimia 21 mwaka wa tano na kukakwama hapo hapo, wakati kurudi pale pale kulitoka asilimia 25.9 mwaka wa tano hadi 35 mwaka wa kumi. Mguuni tunaogopa mapafu. Tumboni tunaogopa pale pale, na tunaogopa kwa miaka mingi zaidi. Aliyetolewa liposarkoma (sarkoma ya mafuta) ya tumboni na kuambiwa baada ya miaka 5 "nenda, umepona" ameambiwa mapema mno.

Mionzi kabla ya upasuaji wa tumboni ilijaribiwa kwa watu 266 katika utafiti uitwao STRASS, matokeo yakatoka mwaka 2020. Kwa jumla haikusaidia: baada ya miaka 3, asilimia 60.4 walikuwa hawajarudiwa na ugonjwa tumboni upande wa mionzi, na 58.7 upande wa upasuaji peke yake. Kama mnachangishana kwa ajili ya mionzi ya tumboni, ulizeni kwanza ni aina gani ya sarkoma na inatarajiwa kuleta nini.

Jina la uvimbe likibadilika

Aina nyingine zinavuruga hesabu zote za hapo juu. Sarkoma ya Kaposi, ambayo huku kwetu tunaiona sana kwa watu wenye virusi vya ukimwi, haitibiwi kwa kisu: ni dawa za ARV, na kemo inapohitajika. Jaribio lililofanyika nchi kadhaa, Kenya ikiwamo, na kuchapishwa mwaka 2020 lilionyesha paklitakseli ndiyo bora kati ya kemo zilizolinganishwa. GIST, ya tumbo na utumbo, ina vidonge vyake, imatinibu. Waliokuwa katika hatari kubwa wakavimeza miaka 3 baada ya upasuaji, asilimia 92 walikuwa hai mwaka wa tano, dhidi ya asilimia 81.7 waliomeza mwaka mmoja. Hao ni watu ambao kuacha dawa kwa sababu "najisikia vizuri" kunawagharimu kweli. Desmoidi, uvimbe wa nyuzi za nyama, hurudi na kurudi lakini haisafiri, na madaktari wengi sasa huiangalia tu kwanza bila kuikata.

Kemo baada ya upasuaji

Kwa sarkoma za kawaida za watu wazima, faida ni ndogo na madaktari wenyewe hawakubaliani. Uchambuzi wa mwaka 1997 uliounganisha majaribio 14 na watu 1,568 uliona kwamba kemo yenye doksorubisini iliongeza wasiorudiwa kwa asilimia 10 hivi baada ya miaka 10. Kwenye kuishi, ongezeko lilikuwa asilimia 4, tena la mashaka. Jaribio la Ulaya la watu 351, lililotoka mwaka 2012, halikuona faida. Kwa uvimbe mkubwa wa daraja la 3 kwa kijana, mazungumzo yapo. Kwa wa daraja la 1, pesa hiyo ibaki ya MRI. Watoto wenye rabdomiosarkoma (sarkoma ya misuli) ni habari nyingine kabisa: kwao kemo ndiyo nguzo, na kuikataa ni kumkatia mtoto nafasi.

Kufuatilia: eksirei au CT

Marudio mengi huja ndani ya miaka 2 au 3 ya kwanza. Ratiba ya kawaida kwa uvimbe wa daraja la juu ni kila miezi 3 au 4 kwa miaka hiyo, kisha kila miezi 6 hadi mwaka wa tano, kisha mara moja kwa mwaka.

Wengi huacha kuja kwa sababu wameambiwa CT ya kifua kila mara, na CT ni pesa. SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, mwezi Oktoba 2024, kikomo cha saratani kilianza kwa shilingi 550,000 kwa familia kwa mwaka, 400,000 kutoka mfuko wa SHIF na 150,000 kutoka mfuko wa dharura na magonjwa sugu. Ni kwa familia, si kwa mgonjwa, na MRI na mionzi vinakula humo humo. Ulizeni dirishani kilichobaki kabla hamjapanga kipimo kingine.

Hospitali ya Tata Memorial, Mumbai, iliwagawa wagonjwa 500 wa sarkoma za viungo, wengine wakafuatiliwa kwa eksirei ya kifua na wengine kwa CT. Waliofuatiliwa kwa eksirei hawakuishi muda mfupi zaidi. India ilifanya utafiti huo kwa sababu ina shida kama zetu, na mimi nauamini kuliko ratiba zilizonakiliwa kutoka nchi tajiri. Eksirei unayokuja kupigwa ina faida kuliko CT unayoikimbia. Kwa tumbo eksirei haioni kitu. Huko ni CT, hakuna njia ya mkato.

Na ikionekana doa mapafuni, usiende nyumbani kusubiri. Madoa machache, yaliyojitokeza muda mrefu baada ya upasuaji wa kwanza, yanaweza kutolewa, na kati ya wanaofaa kwa upasuaji huo theluthi moja au zaidi huwa hai miaka mitano baadaye. Ukihisi kinundu kwenye kovu, kwa kidole chako mwenyewe wakati wa kuoga, njoo wiki hiyo. Usingoje tarehe ya kadi. Uje na ripoti ya patholojia ya kwanza, si ya mwisho tu, na diski ya MRI ya kabla ya upasuaji. Kama ripoti ilipotea, maabara iliyosoma uvimbe huhifadhi vipande vyake kwenye nta. Unaweza kuviomba kwa barua ya daktari wako vikasomwe upya Eldoret au Nairobi.